Mkaguzi na Oili ya Baba Mkwe

Shangazi yake Mkaguzi alimwambia wazi, tena akiwa amemshika ukosi wa shati asije akajifanya hakusikia. Ukifika pale, mwanangu, neno lako ni moja tu. Sema samahani, halafu ufunge huo mdomo wako. Usieleze, usijitetee, na nakuomba kwa jina la Mungu, usimsahihishe mtu. Hata wakikwambia jua linachomoza usiku, wewe itikia. Mkaguzi akaitikia kwa kichwa, akaapa, halafu pale pale akamwambia Shangazi kwamba kifungo chake cha juu kimeingia tundu la chini. Shangazi akamwachia ukosi, akaguna, akatangulia zake.

Ndivyo alivyokuwa huyu bwana. Walimwita Mkaguzi kwa sababu kazi yake ilikuwa kukagua magari kabla hayajaruhusiwa kurudi barabarani, na kazi hiyo aliiweza kweli. Uliletwa mkweche umeoshwa unameta, yeye alijilaza uvunguni mara moja tu akatoka na kasoro ambayo mwenye gari mwenyewe alikuwa ameificha. Kazini walimwogopa na kumheshimu. Shida ni kwamba jioni hakuiacha kazi kazini. Nyumbani alikagua chumvi ya mchuzi, akakagua mikunjo ya pasi, akakagua mlango umefungwa vipi. Akakagua hadithi pia. Mkewe alikuwa fundi wa mapazia, mcheshi, mtu akianza kusimulia kisa wenzake wanashika mbavu kabla hajafika nusu. Baada ya kuolewa na huyu, akawa hawezi kusimulia hata habari za foleni ya maji bila kukatizwa. Hapana, haikuwa Jumanne. Hapana, yule hakuvaa kijani. Na kilichoudhi zaidi ni kwamba kila mara alikuwa sahihi. Mtu akikosea utamnunia, ataomba radhi, yataisha. Huyu ungemfanya nini?

Lililovunja nyumba lilitokea siku walipokusanyika kumkumbuka mama mkwe. Sebule imejaa ndugu mpaka wengine wamekaa sakafuni. Mkewe akasimama, machozi yanamlengalenga, akasema siku ile mama anakata roho mvua ilikuwa inanyesha, na yeye alimshika mkono wakaisikiliza pamoja. Kwenye kiti cha karibu na ukuta Mkaguzi akakohoa kidogo, akasema mvua ilinyesha kesho yake. Jamani! Sebule nzima ikageuza vichwa kumwangalia. Mkewe akamtazama, akakaa, na hakusema neno lingine mpaka watu walipotawanyika. Wiki ile ile alifungasha nguo zake akarudi kwa baba yake.

Sasa ikawa hivi. Mama mdogo wa mkewe, anayeishi mji wa mbali, alikuwa na duka la mapazia na alikuwa amemwita waliendeshe pamoja. Chumba kimeshatafutwa, cherehani imeshanunuliwa. Leo baba yake angempeleka kwa gari lake mwenyewe. Mkaguzi alijua, na Shangazi alimkumbusha mara kadhaa ili ajue zaidi, kwamba akifika kule na kuanza kazi harudi tena. Kama ni kumbembeleza, ni leo, kabla hajapanda gari. Mkaguzi alimpenda mkewe. Hilo tusimnyime. Alikuwa amekonda kwa kumkosa, na nyumba aliyokuwa akiisahihisha kila siku ilikuwa imenyooka sasa kila kitu, na alikuwa hawezi kuivumilia.

Alipoingia getini alimkuta baba mkwe uani, ameinama nyuma ya gari. Mzee Mabati, ndilo jina alilojulikana nalo, alikuwa ameuza mabati ya kuezekea maisha yake yote na sauti yake ilikuwa bado ya kushindana na kelele za kukata bati. Uzeeni alijinunulia gari la michezo, la viti viwili, injini nyuma na buti mbele, chini kiasi kwamba kuliingia ni kama kukaa kwenye mkeka. Alilipenda kuliko watu wengi, na kati ya hao watu wengi Mkaguzi alikuwa wa mwisho kabisa.

"Shikamoo, Baba."

Mzee hakuitikia. Alifuta mikono kwa tambara, polepole, kidole kwa kidole, kisha akasema binti yake yumo ndani anamalizia kufunga mizigo, na kwamba yeye kama ingekuwa amri yake asingemfungulia mbwa huyu hata dirisha. Simama hapo hapo. Usiguse ukuta wangu. Mkaguzi akasema sawa, Baba, akasimama alipoambiwa, mikono nyuma kama mtoto aliyechelewa shule. Akalimeza tusi. Mpaka hapo alikuwa anafanya vizuri, na Shangazi, ambaye alikuwa amejibanza penye mlango wa jikoni akichungulia, alianza kupata matumaini.

Basi Mzee akarudi kwenye shughuli yake. Akachomoa stiki, ule ufito mwembamba wa chuma unaopimia oili, akauinua kwenye mwanga. Mkavu. Akatukana. Akachukua galoni, akamimina kwenye tundu la oili, akaweka chini, akasubiri kidogo, akachomoa tena. Mkavu. Akatukana zaidi, safari hii mtu aliyemuuzia gari pamoja na ukoo wake. Pembeni ya gurudumu kulikuwa na galoni nyingine, tupu, imelala ubavu.

Mkaguzi aliona yote. Aliona kwanza kwamba ua umeinama, gari limepanda pua juu. Aliona kwamba hakuna joto linalotoka kwenye injini, yaani haijawashwa asubuhi hiyo. Na aliona gari ni la aina gani, na aina hiyo alikuwa anaijua kama anavyojua kiganja chake. Ulimi ukaanza kumwasha. Akautuliza. Akatazama juu, akahesabu mabati ya paa la jirani, akaona moja limepigiliwa vibaya, akaona bora atazame chini.

Ndipo mkewe akatoka, begi mkononi. Alikuwa amefunga kitambaa kichwani, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshamaliza kulia zamani. Akasimama kwenye ngazi ya baraza akamtazama mumewe.

"Samahani," alisema Mkaguzi. "Nilikuaibisha mbele ya watu, na ilikuwa siku ya mama yako. Sina cha kujitetea."

Aliisema vizuri. Sauti ilimtetemeka mwishoni, na haikuwa ya kuigiza. Mkewe akauliza, kwa ukali lakini aliuliza, kesho nikisimulia jambo mbele za watu utafanya nini? Nitasikiliza, akajibu Mkaguzi. Na nikikosea? Nitasikiliza. Yule mwanamke akavuta pumzi, akaliweka begi chini kwenye ngazi. Shangazi aliliona begi likitua, akafumba macho kwa shukrani.

Nyuma ya Mkaguzi kukasikika glu-glu-glu ya oili inayomiminwa tena.

Macho yake yakaenda. Jamani, mkewe yuko mbele yake, amelainika baada ya majuma ya kukaza roho, na macho ya huyu mtu yakateleza pembeni kufuata galoni. Mkewe akaona. Akasema, "Nitazame mimi." Mkaguzi akamtazama, kwa kadiri ya muda wa kupepesa, halafu akageuka mwili mzima.

"Baba, acha. Unaiua hiyo injini."

Angeweza kusema kwa namna nyingine. Angeweza kwenda baadaye, akamnong'oneza mzee sikioni, akasema labda tuijaribu ikiwa moto. Lakini aliisema kwa ile sauti ya kazini, ya kumwambia dereva wa lori ateremke. Mzee Mabati aliiweka galoni chini taratibu mno.

"Nani amekuuliza?"

Hapo ndipo moto ulipowaka. Mzee alimwambia kwamba ameanza kuendesha magari huyu akiwa hajafikiriwa hata tumboni, kwamba oili hupimwa asubuhi gari likiwa limelala baridi, hata anayeuza karanga barabarani anajua, na kwamba ameshindwa kutunza mke sasa amekuja kutunza gari la watu. Akamwita kupe. Akamwita mdomo wenye miguu. Mkaguzi alisikia damu ikimpanda mpaka masikioni. Angeitwa mwizi angenyamaza. Lakini kuambiwa hajui kupima oili, hilo hapana.

Akajibu, na alipoanza hakushikika. Magari mengine ndiyo, alisema, mengi tu, oili yake inalala chini ya injini, ukipima baridi unapata jibu. Hili oili yake ina tangi lake pembeni. Ukizima, inateremka yenyewe polepole kuingia kwenye injini, tangi linabaki tupu, na stiki iko kwenye tangi. Ukipima asubuhi utaona mkavu hata kama umejaza mpaka shingoni. Linapimwa likiwa limechemka sawasawa, linanguruma, limesimama penye tambarare. Wewe umelipima baridi, limezimwa, na limepanda mlima. Umekosea mara tatu kwa mpigo. Galoni nzima na nusu uliyomwaga hapa ikizunguka itatafuta pa kutokea, itaingia kwenye njia ya hewa, na utatoa moshi mpaka watu waite zimamoto.

"Thibitisha," alisema Mzee. Akanyoosha mkono kuelekea getini. "Ukishindwa, geti lile pale, na nisiuone uso wako tena mpaka nazikwa."

Mtu mwenye akili zake angeuliza, na nikishinda napata nini? Mkaguzi hakuuliza. Alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya shati.

Nyuma yake mkewe akashuka ngazi moja. Alisema kwa utaratibu, na sauti yake ilikuwa imepungua ukali wote, mtu angeijua kuwa ndiyo ile ya nyumbani kwao, ya zamani.

"Achana na gari. Njoo ndani tuongee."

Tuongee! Neno alilokuwa amelala akiliomba. Shangazi alitoka kabisa mlangoni, akawa anamwonyesha kwa kidevu, nenda, nenda. Hata Mzee mwenyewe alielewa kilichosemwa, na hakukipenda. Mkaguzi akamgeukia mkewe, akatabasamu kwa mapenzi kabisa, akainua kidole.

"Dakika moja tu, mke wangu. Moja tu."

Wakalisukuma gari likateremka kinyumenyume mpaka nje ya geti, barabarani, penye sakafu ya saruji iliyonyooka mbele ya ukuta wa jirani. Wawili hao, wanaochukiana kufa, bega kwa bega kwenye gari moja, na hakuna aliyemtahadharisha mwenzake. Mkaguzi akaingia akaliwasha. Likakohoa, likanguruma, halafu bomba likatoa wingu la buluu lililofunika ukuta. Jirani akafunga dirisha kwa kishindo. Mzee akasema ni kawaida yake. Mkaguzi akamwambia si kawaida, ni hiyo oili yako, na alimwambia hivyo huku akitabasamu, na tabasamu lile lilimchoma Mzee kuliko matusi.

Injini ya namna ile haichemki upesi. Mkaguzi alikaa pale akitazama mshale wa joto ukipanda kwa uvivu, akimpiga marufuku Mzee kuchomoa stiki mapema. Kutoka pale angeweza kumwona mkewe kupitia geti. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, begi miguuni, mikono magotini. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anangoja. Shangazi akaja mbio kwa kandambili zake, akamwinamia dirishani, akamnong'oneza kwa meno yaliyofungwa kwamba mwenzio anakusubiri, wewe una wazimu? Mkaguzi akasema anajua, anakuja, ila akiondoka sasa injini itapoa na itabidi aanze upya. Hilo nalo lilikuwa kweli. Shangazi alimtazama kama anayetazama mtu anayezama kwenye maji ya magotini.

Mshale ulipofika, akatoka, akaiacha injini inanguruma pale pale, akachomoa stiki, akaifuta, akairudisha mpaka chini, akaichomoa tena. Oili ilikuwa imevuka alama ya juu kwa vidole vitatu. Akaiinua mbele ya uso wa baba mkwe. Nitasema ukweli hata kama haumpendezi: wakati ule furaha aliyokuwa nayo ilikuwa kubwa kuliko aliyoipata begi lilipowekwa chini. Mzee alitazama ile stiki, taya zake zikacheza. Aliangalia barabara huku na huku kuona nani anaona. Kisha akaenda kwenye sanduku lake la vifaa, akarudi na spana na karai, akavitupa miguuni pa Mkaguzi vikalia.

"Si unajua? Toa basi."

Na akatoa. Alizima gari, akajilaza chini na shati lake jeupe alilopigia pasi kwa ajili ya kuomba msamaha, akailegeza nati ya tangi, oili ya moto ikamtiririkia vidoleni akauma meno. Mzee alisimama juu yake akimwambia anamwaga nyingi, anamwaga kidogo, anamwagia barabara, ana mikono ya mpika uji. Mkaguzi alimjibu kutoka chini kwamba usingemimina hovyo nisingekuwa huku. Akakaza nati. Akawasha tena, akasubiri ichemke tena, akapima. Bado imezidi. Mtu mwingine angesema inatosha, kidogo tu hicho, gari litakwenda. Yeye hakujua kufanya kitu kikabaki kidogo. Akazima, akajilaza tena, akatoa tena, akawasha tena. Kivuli cha ukuta kilikuwa kimeshahama kutoka upande huu wa gari kwenda ule.

Alipochomoa stiki safari ya mwisho, oili ilikuwa imegusa alama ya juu, haijavuka hata unywele. Moshi umekoma. Injini inanguruma laini, sauti moja, haina kikohozi. Mkaguzi aliisikiliza, kichwa ameinamisha, uso mchafu, na alikuwa na raha ambayo ni vigumu kuieleza kwa mtu asiye na ugonjwa huo.

"Imefika?" aliuliza Mzee.

"Imefika."

Mzee Mabati akamtazama, kisha akatazama getini, kisha akamtazama tena. Na hapo uso wake ukabadilika. Ule mkunjo wa hasira ukafunguka, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, tabasamu la mfanyabiashara aliyemaliza mauzo.

"Ahsante, fundi," alisema.

Hakusema mkwe. Kabla Mkaguzi hajalielewa hilo alisikia hatua nyuma yake, akageuka. Mkewe alikuwa amekuja na begi. Alipita upande wa mbele, akafungua buti, akaliweka ndani, akafunga. Mkaguzi alimkimbilia na stiki mkononi, akiishika kwa mikono miwili isidondoshe.

"Tazama. Ipo kwenye alama kabisa."

Akatazama kweli. Aliitazama ile stiki kwa makini, kama anavyotazama kitambaa kabla hajakikata.

"Haitatuharibikia njiani?"

"Haiwezi. Mtafika salama."

Aliyasikia maneno yake yakiwa yameshatoka. Stiki ikamshuka mkononi, oili ikamdondokea kiatuni. Akaanza kusema ngoja, akaanza kusema lile neno lake moja alilofundishwa, lakini mkewe aliinua mkono kumzuia. Hakuwa na machozi wala ukali. Mzee alikuwa ameshaingia upande wa dereva na safari hii alikuwa na adabu ya kutazama mbele.

"Nilikaa pale ngazini," alisema mkewe. "Umeliwasha gari mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa nakusubiri. Nilisema moyoni, akizima tu akaja, nalirudisha begi ndani."

"Mara tatu," alisema Mkaguzi.

Neno lilimtoka lenyewe. Aliziba mdomo kwa mkono wake wenye oili, akabaki na alama nyeusi usoni kutoka pua hadi kidevu. Mkewe alimtazama hivyo alivyo, akatikisa kichwa kidogo, na karibu acheke. Akaichukua stiki mkononi mwake, akairudisha kwenye tundu lake mpaka chini, akafunika injini. Kisha akaenda akainama, akaingia, akafunga mlango. Gari likaondoka, halikutoa moshi hata kidogo.